Sikio la Tepu

Gari la Mzee Cheche lilikuwa na umri wa kuamkiwa, na watu wenye utani waliliamkia kweli. Walipita nje ya uzio, wakaliona limetoa pua bandani, wakasema, "Shikamoo gari," na Mzee Cheche akalijibia, "Marahaba, halijambo, linapumzika." Wala hakuwa anadanganya, maana kupumzika ndiyo kazi gari lile liliyoizoea. Lilikaa chini ya mabati yaliyotobokatoboka kwa misumari ya zamani. Mchana jua liliingia kwenye matundu yale likaangusha vidoa vya mwanga juu ya boneti, vidoa vikatambaa polepole kutoka taa ya kushoto mpaka taa ya kulia, na siku ikawa imekwisha. Ukikaa pale ulisahau ulikuja kufanya nini. Binti yake alianza kusahau mambo pale tangu ana meno ya utoto.

Huyo binti sasa alikuwa fundi umeme wa magari, kama baba yake. Mzee alikuwa ameshamkabidhi vifaa vyote, spana, koleo na ile taa ndogo ya kupimia umeme, akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni mteja tu, tena mteja msumbufu. Na wiki ile binti alikuwa na simu moja iliyomkaa moyoni. Karakana kubwa ya mabasi, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima, ilikuwa inamtaka. Mkuu wa karakana hakuwa mtu wa maneno mengi. "Jumatatu asubuhi uwe hapa," alisema. "Usipoonekana nampa mwingine. Wako wengi." Binti aliitaka kazi ile mpaka usingizini. Aliota mabasi marefu yamelala safu kwa safu gizani, yeye anapita katikati yake bila viatu, na kila analoligusa linawasha taa moja ndogo na kumwangalia.

Lakini alikuwa amejiapiza: haondoki akamwacha baba na gari lisilowaka. Gari hilo ndilo lililompeleka shangazi yake kliniki ya sukari, ndilo lililoleta mtungi wa gesi, na nyumba yao ilikuwa juu ya mlima ambao madereva wa teksi wakisikia jina lake wanakata simu. Gari likiwa zima, aliwaza, nitaondoka na moyo mweupe.

Na gari, ndugu zangu, wiki hiyo hiyo ndipo likaanza kugoma.

Siku ya kwanza lilizimika lote. Mzee alizungusha ufunguo, taa za dashibodi zikamulika, kukasikika kak, halafu kimya, hata ile saa ndogo ya kwenye redio ikafa. Binti hakukimbilia kufungua kitu. Aliwasha taa kubwa, akamwambia shangazi yake asimame mbele ya gari amsomee.

"Zinawaka?"

"Zimewaka. Zimezimika. Sasa zinanikonyeza," shangazi akasema. "Na mimi mtu mzima."

Binti akashika kichwa cha waya juu ya betri akakitikisa. Kilicheza kama jino la mtoto. Akakaza nati, gari likawaka. "Mitikisiko ya barabara," akasema. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mikono ameiweka nyuma. "Mitikisiko," akaitikia, akaingia zake ndani.

Hivyo ndivyo alivyomfundisha binti yake, kuanzia kwenye betri. Hakumfundisha kwa kitabu. Alimkalisha kwenye kiti cha mbele, akamwambia afumbe macho aufuate umeme kama anayemfuata mtu kwao. Anza pale unapolala, kwenye betri. Kisha tafuta njia yake ya kurudi, kwenye chuma cha bodi, kwa sababu umeme hautoki nyumbani kama haujui utarudi vipi. Kisha mlango wake, swichi ya ufunguo. Kisha mkono wake, stata, ile inayoisukuma injini mpaka iamke. Mwisho moto wake, koili, ile inayotoa cheche. Kila mara mpangilio ule ule, bila kuruka hata kimoja, mpaka mtoto akawa anasinzia kwenye ngozi iliyochanika ya kiti kile huku anausikia umeme unatembea mwilini mwake, unapinda begani, unashuka mkononi, unarudi. Mpaka leo akishika gari la mtu anafumba macho kwanza. Wateja wengine hudhani anasali, na wengine huvua kofia.

Liligoma tena, na safari hii kwa vituko. Binti aliminya honi, waipa zikatetemeka. Akawasha taa kubwa, indiketa zikapata rangi ya chungwa hafifu, kama makaa yanayokaribia kuzimika. Akazungusha ufunguo, stata ikaguna tu, na waya wa pedali ya mafuta ukawa wa moto alipougusa. Shangazi aliyekuwa anaanika nguo alisema gari limepagawa, atafutwe mtu wa kulisomea. Binti akacheka. Alizipenda hitilafu za namna hii, zilimfanya ajione yuko ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, kwa hiyo unabisha hodi nyumba za watu, unapita kwa honi, unapita kwa waipa, popote penye mlango wazi. Akaingia uvunguni, akakuta bolti ya ule waya mnene unaounganisha injini na bodi imeshikwa na mzunguko mmoja tu wa uzi wake. Akaikaza, vituko vikaisha.

Alitoka uvunguni na vumbi nyweleni, na kitu kinamkera. Bolti ile aliikaza yeye mwenyewe si zamani sana. Na bolti aliyoikaza yeye huwa hailegei.

Jumatano ufunguo ukawa unazunguka bure, kama unafungua hewa. Binti akalala chali chini ya usukani, taa yake ya kupimia mdomoni. Nyuma ya swichi akakuta waya mmoja umechomoka. Haukuwa umekatika, wala haukuwa umeungua. Ulichomolewa, na ncha yake ikafungwa tepu nyeusi ili isiguse chuma. Na mwisho wa ile tepu ulikunjwa, ukafanywa sikio dogo la kushikia.

Sasa hapo nisimame kidogo, maana hilo sikio ndilo lililomfichua mzee. Mafundi wengi hufunga tepu wakaikata wakaenda zao, na atakayekuja kuifungua ataikwangua kwa kucha mpaka amtukane aliyeifunga. Mzee Cheche aliikunja ncha. "Fundi mwenye adabu humfikiria fundi atakayekuja baada yake," ndivyo alivyokuwa anasema, na kwenye kazi zote ambazo binti alishawahi kufungua, sikio namna ile hakuwahi kuliona isipokuwa la baba yake na la kwake mwenyewe. Mwizi gani huyu anavunja nyumba halafu anafagia? Lakini ndivyo walivyo mafundi wa aina yake. Anaweza kuliharibu gari lake mwenyewe, ila kuacha waya uchi hawezi, mkono unakataa.

Binti alibaki amelala pale chini, vidoa vya jua vinampitia miguuni. Sikio lenyewe lilikuwa limepinda, na pembeni kulikuwa na alama za meno. Amefunga harakaharaka, akawaza, ameogopa nisimkute. Betri, njia ya kurudi, swichi.  Mzee alikuwa anamrudisha kwenye masomo, somo baada ya somo, kwa mpangilio, na binti alijua kinachofuata.

Ijumaa ikawa stata. Hakuhitaji hata kupima. Alipeleka mkono moja kwa moja kwenye ule waya mwembamba, akaukuta umefungwa, na sikio lake lipo.

Hapo hasira zikampanda. Alikuwa anampenda baba yake kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu ilimuuma. Angemwambia tu, usiende mwanangu, angelia kidogo, pengine binti angebaki. Lakini hila? Tena hila kwa kutumia mikono ile ile iliyomlea? Aliingia jikoni, shangazi anachambua mchele.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shangazi," akasema. "Baba ndiye anayelichezea gari. Hataki niende."

Shangazi hakuinua uso. Akatoa kijiwe, akakitupa dirishani. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimwambie, baba, unanifanyia hila?"

"Mimi ningemuuliza," shangazi akasema. "Lakini mimi si fundi. Nyinyi mafundi bila kupima hamlali." Halafu akaanza kuchambua upya mchele aliokwisha kuuchambua, na kwa shangazi yule hicho kilikuwa kitu kigeni. Binti hakukizingatia.

Jumamosi mchana binti akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima kwamba anakwenda sokoni kutafuta begi la safari. Basi lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Akatoka getini, akazunguka kwa nyuma, akaingia stoo kupitia mlango wa uani, akakaa juu ya gunia la mkaa. Dirisha la stoo lilitazama banda. Maneno ya kusema alikuwa nayo tayari, ameyanoa: baba, koili ndiyo iliyobaki, si ndiyo?

Joto la mchana lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Kuku mmoja alijichimbia vumbini akafumba jicho moja. Binti akawa anaangalia vidoa vya mwanga vinavyosogea kwenye boneti, na kwa muda hakuwa na hakika kama yeye ni mtu mzima aliyejificha stoo au ni yule mtoto aliye ndani ya gari, anasubiri kuambiwa fumba macho. Kisha baba yake akaingia bandani.

Alifungua boneti. Akatazama kushoto na kulia. Akachukua koleo, akabana ule waya mdogo wa koili, akauvuta, ukatoka. Binti akainuka kwenye gunia, mkono tayari kwenye komeo la mlango.

Lakini mzee hakuondoka. Aliweka koleo chini, akaushika waya kwa vidole, akaupeleka tena kwenye koili ili aurudishe. Ukapita pembeni. Akaupeleka tena, ukagonga chuma, ukapinda. Akaviangalia vidole vyake, akavipangusa kwenye suruali, akavipulizia pumzi kama anayevipasha moto, na jua lilikuwa kali vile. Akajaribu kwa mikono miwili. Akafumba macho, vile vile alivyomfundisha binti yake, akajaribu. Waya ukamtoka ukaangukia injini, na mkono wake ukaendelea kubana hewa kwa sababu haukujua kwamba haujashika kitu. Alipofumbua macho ndipo akaona. "Ingia basi," binti akamsikia akisema kwa sauti ndogo ya kubembeleza. "Ingia, bwana." Haukuingia.

Mzee akasimama akiwa ameinamia injini, muda ukapita. Kisha akachukua tepu, akaivuta kwa meno, akaizungusha kwenye ncha ya waya taratibu sana, na sikio la mwisho akalikunja kwa midomo.

Binti aliliachia komeo. Akakaa tena juu ya gunia. Mambo yakaanza kumjia moja moja: baba ameacha mashati ya vifungo tangu kabla ya mvua, siku hizi ni fulana tu. Chai anashika glasi kwa viganja viwili. Siku moja aliinua sufuria jikoni bila kitambaa, watu wakapiga kelele, yeye akacheka akasema ngozi ya fundi ni ngozi ya kiatu. Na kucha zake, nani alikuwa anazikata? Shangazi, barazani, na yeye binti amepita pale mara ngapi akaona ni mapenzi ya ndugu tu. Yeye binti alikuwa na sifa mtaani kwamba anaweza kusikia stata mbovu akiwa barabarani. Hili lilikuwa mezani kwake kila asubuhi.

Alipotoka, mzee hakushtuka wala hakuificha tepu.

"Hukwenda sokoni," akasema.

"Sikwenda."

"Basi umeona."

"Tangu lini, baba?"

"Ilianza kwenye ncha. Ganzi. Nikadhani nimelalia mkono." Akavigeuza vidole vyake, akavitazama kama vitu alivyoazimwa. "Siku ile nimempeleka shangazi yako kliniki, akanilazimisha na mimi nipimwe. Sukari, kama yake. Dawa nakunywa. Ila vidole, daktari amesema tusivitegemee sana."

"Shangazi anajua?"

"Alinifunga mdomo," shangazi akasema kutoka mlango wa jikoni, na kumbe alikuwa amesimama pale muda wote. "Nilimwambia, kaka, mficha maradhi kilio humuumbua. Akaniapisha kwa marehemu wifi yangu. Ningefanya nini?" Akajifuta macho kwa ncha ya khanga akarudi kwenye mchele wake.

"Kwa hiyo ulikuwa hunizuii," binti akasema.

"Nikuzuie kwa lipi? Mtoto ameitwa kazini kwa sifa zake, nimzuie?" Mzee akakaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, miguu nje. "Nilikuwa najipima. Nikasema, huyu akiondoka, waya ukinichomokea njiani nitaweza kuurudisha? Nikaanza na betri, kwa sababu ndiyo rahisi. Kulegeza, hakuna shida, spana inalegeza. Kukaza sasa, nati inataka uisikie inaposhika uzi. Siisikii. Nikasema labda bolti ya bodi, kubwa ile. Nikasema labda swichi. Kila kimoja nikasema hiki nitaweza, nisimsumbue mtoto, anaondoka." Akaionyesha koili kwa kidevu. "Vyote vimenishinda. Hicho kilikuwa cha mwisho."

"Na mimi nilikuwa nakuona mwizi."

"Nilikuona unavyoniangalia. Nikaona afadhali. Mwizi anachukiwa tu. Sikutaka unihurumie."

Binti akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi la banda, akavishika vile vidole. Vilikuwa vya moto, vikavu, vyenye makovu ya asidi aliyoyajua yote kwa mahali pake. Akavibana kwa nguvu. Baba yake alimwangalia usoni ili ajue kama amebanwa.

"Siendi," binti akasema.

"Utakwenda."

"Baba, gari likizimika na shangazi yumo ndani, huwezi hata..."

"Siwezi." Sauti yake ilipanda, yeye ambaye bandani mule hakuwahi kumpandishia mtu sauti. "Nimesema siwezi, umenisikia? Neno hilo sijawahi kulitamka humu tangu nilipoezeka mabati haya, na sikulitamka leo ili likufunge miguu. Litazimika, nitaita fundi. Nitasimama pembeni nimkosoe mpaka ajute kunifahamu. Nilitaka uondoke ukijua baba yako anaweza, nikashindwa. Basi, ondoka hivyo hivyo, ukijua hawezi."

Binti akaviachia vile vidole. Akalia palepale, bila kujificha, na mzee akamwacha alie, akimpapasa kichwani kwa kiganja, maana kiganja kilikuwa bado kinasikia kidogo.

"Urudishe huo waya," mzee akasema baadaye. "Tuone."

Binti akainuka. Akalishika sikio la tepu, likafunguka kirahisi, bila kucha, kama mengine yote. Akanyoosha ncha iliyopinda, akaupeleka waya kwenye koili, akausukuma. Ukabana. Alikisikia kile kibano kidogo vidoleni mwake, wazi kabisa, akaona aibu kwa kukisikia.

"Umeingia?" baba akauliza. Maishani hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Umeingia, baba."

Mzee akazungusha ufunguo kwa kiganja. Stata ikashika, injini ikakohoa, ikakubali. Banda zima likatetemeka taratibu, vumbi likapanda ndani ya miale ya jua, na vidoa vya mwanga juu ya boneti vikawa vinachezacheza bila kwenda popote. Hakuna aliyelizima. Walikaa viti vya mbele, baba na binti, macho wameyafumba wote wawili, wanasikiliza. Jua likasogea na wao hawakusogea, mpaka shangazi akaita kwamba mafuta yanaungua bure na chakula kinapoa.

Jioni binti akafungua kabati. Akalia huku anakunja nguo, akaziweka begini moja moja, na akaziweka zote.